Mbwa dume watatu: siku yangu moja kliniki, Kimara

Saa 11 alfajiri

Kabla ya kupiga mswaki nashika simu. Mama mwenye Popi, mbwa dume ninayemhasi leo, yaani kumtoa korodani, ameniandikia usiku: "Dokta, analia njaa, nimpe hata uji kidogo?" Namjibu haraka asimpe kitu, maji tu. Mbwa akilazwa kwa dawa ya usingizi tumbo likiwa limejaa anaweza kutapika, na yale matapishi yakaingia kwenye mapafu.

Saa 12 na nusu

Daladala kutoka Mbezi, nimesimama. Barabara ya Morogoro siku hizi ina njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, na asubuhi mara nyingi naona mbwa aliyegongwa usiku. Leo yuko mmoja karibu na kituo, wa kahawia, dume. Wengi ninaowaona hapa ni madume. Jike akiwa kwenye joto mtaa wa pili, dume anavuta ile harufu, anaruka ukuta na kuvuka barabara bila kusikia honi. Inaniuma kila mara, maana hili ni mojawapo ya mambo ambayo kuhasi huyapunguza zaidi.

Saa 2 asubuhi

Popi kafika kwa bajaji. Ana miaka miwili, kilo 17, mbwa wetu wa kienyeji mwenye masikio yaliyochanika kwa ugomvi. Mwezi uliopita alipotea siku tatu akarudi na jeraha shingoni lililokuwa limeshaanza kutoa funza. Mama anamshika kamba kwa mikono miwili.

"Dokta, niambie ukweli. Huyu ndiye mlinzi wetu, mume wangu yuko safarini. Mkishamhasi si atakuwa zezeta tu? Wezi si wataingia mpaka sebuleni?"

Swali hili naulizwa karibu kila wiki na silichoki, kwa sababu anayeliuliza ana nyumba na watoto wa kulinda. Nikamuuliza jirani yake anafuga nini. Akasema jike.

"Anabweka?"

"Huyo? Usiku kucha!"

"Na hajawahi kuwa na korodani, mama."

Akatulia. Nikamweleza kwamba mbwa hubweka kwa sababu hapo ni kwao na wewe ni mtu wake, na hilo halitoki na korodani. Kinachopungua ni yale yanayosukumwa na homoni ya testosteroni: kuzurura kufuata majike, kukojolea kila nguzo na kila tairi, kupandia miguu ya wageni, na mara nyingi ugomvi na madume wenzake. Na hata hayo hayaishi kwa kila mbwa. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walifuatilia mbwa dume 57 waliohasiwa wakiwa wakubwa. Kuzurura, kukojolea na kupanda kulipungua kwa nusu au zaidi kwa takriban mbwa sita katika kila kumi. Ukali ulipungua kiasi hicho kwa mbwa wachache zaidi, chini ya wanne katika kumi. Nikamwambia mama hesabu hizo kama zilivyo. Akatia sahihi.

Saa 3 na nusu

Sindano, kisha tunasubiri. Kwa dawa tunazotumia sisi mbwa hulala macho wazi, kwa hiyo naanza kwa kumpaka mafuta ya macho yasikauke. Msaidizi wangu ananyoa, anasafisha mara tatu. Tunamfunika khanga mbili, kwa sababu mbwa aliye kwenye usingizi wa dawa hupoteza joto hata kwenye hili joto la Dar.

Nakata sehemu moja tu, mbele kidogo ya mfuko wa korodani. Nasukuma korodani ya kwanza kwa kidole gumba hadi inajitokeza kwenye tundu, nyeupe, inateleza, na mishipa yake imejisokota nyuma kama uzi mnene. Nafunga mara mbili, nakata, nakaa kimya nikihesabu hadi thelathini huku nikiangalia kama inavuja. Haivuji. Ya pili inapita tundu lilelile. Dakika ishirini na tano, nyuzi za mwisho, basi.

Homoni ikishakosa kiwanda chake hushuka upesi sana, lakini mazoea hayashuki nayo. Mengine huchukua wiki, mengine miezi. Tena mbegu zilizobaki kwenye mirija zinaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa, kwa hiyo Popi atakaa mbali na majike mwezi mzima na zaidi.

Saa 6 mchana

Kijana kutoka Goba kaja na Jerumani Shepadi wa miezi saba, mzuri ajabu, makucha makubwa kuliko mwili. Anataka ahasiwe leo leo kwa sababu anatafuna viatu na kurukia watu.

"Kaka, anatoka nje saa ngapi?"

"Usiku, tukishafunga geti."

"Na mchana?"

"Bandani."

Banda lenyewe, kwa alivyonionyesha kwenye simu, mbwa hawezi hata kugeuka vizuri. Nikamwambia viatu havina uhusiano na korodani. Huyu ni mtoto mwenye nguvu za mtu mzima aliyefungiwa saa kumi na mbili kila siku. Halafu kuna mifupa: homoni hizi ndizo zinazoiambia ifunge kukua, na kwa Jerumani Shepadi, kuhasi kabla ya mwaka mmoja kumehusishwa na matatizo zaidi ya viungo, hasa magoti. Asubiri apite mwaka, ikiwezekana miwili. Kwa sasa amtembeze asubuhi na jioni, ampe mfupa mkubwa mbichi, amfundishe kukaa kabla ya kupewa chakula.

Aliondoka hajaridhika, nami sikupata hata shilingi. Ningemrudisha tena.

Saa 8

Wali maharage, nimesimama. Simu ya mteja wa mwaka jana: Simba wake hazururi tena ila amenenepa. Mbwa aliyehasiwa anahitaji chakula kidogo kuliko awali na hamu ya kula huongezeka. Apunguze ule ugali na dagaa kwa robo, na Simba atembee.

Saa 9 na nusu

Nyumbani kwa mzee mmoja, nyuma ya msikiti. Ni mtu wa swala tano, mbwa ni wa ulinzi tu na anayemshika ni mlinzi. Mlinzi naye akimaliza huosha mikono mara saba, moja kwa udongo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Huyu amemng'ata kijana wa maji. Mtoe hayo mambo, apoe."

Nikauliza kwanza habari za kijana. Siku kumi na mbili zimepita. Aliosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, akaenda hospitali, anaendelea na sindano za kichaa cha mbwa. Mbwa mwenyewe amechanjwa, na zile siku kumi za kumwangalia amezimaliza mzima. Alhamdulillah.

Kisha nikachuchumaa mbali nikamtazama. Mnyororo mfupi. Masikio yamelala nyuma, mkia kati ya miguu, uzito wote nyuma, analamba pua, anapiga miayo. Mtoto alipookota kijiti tu ua mzima ulitetemeka kwa kubweka. Huyu anaogopa.

Miaka mitatu iliyopita nilimhasi mbwa kama huyu. Nilimwambia mwenyewe "atatulia", bila kumwangalia mbwa kwa dakika kumi. Hakutulia, alizidi. Ile homoni humpa dume ujasiri kidogo, na mwoga ukimwondolea anaweza kubaki na woga mtupu. Baada ya miezi mitano alimng'ata mtoto wa mle ndani, wakamuua. Ahadi ile niliitoa mimi.

Kwa hiyo mzee nilimweleza yote, pamoja na hilo. Sitamhasi kwa sasa. Mnyororo uondoke, wamjengee uzio, watoto wasimrushie mawe, mlinzi awe anamrushia kipande cha nyama kila mgeni anapoonekana, kwa mbali. Mzee alinyamaza muda mrefu.

"Mawe yanatoka wapi?" akamuuliza mlinzi.

Mlinzi akanyoosha kidole kwa wajukuu.

Saa 11 jioni

Popi anasimama kama mtu aliyeshuka meli, na kola ya plastiki shingoni. Siku kumi bila kuoga, bila kulamba, bila kuruka. Dawa ya maumivu pamoja na chakula. Nyuzi arudi tuzitoe.

Saa 3 usiku

Ujumbe wa mama: "Amekunywa maji. Ametoka nje akainua mguu kwenye tairi la bajaji, akaanguka, akainua tena."

Nimemwomba anitumie picha ya kidonda kesho asubuhi, kabla ya saa 2.