Kipokezi cha ndege ya mfano kichaguliwe vipi?

Wanaoanza kurusha ndege za mfano huuliza kwanza ni kipokezi gani (kifaa cha ndani ya ndege kinachopokea amri za rimoti) chenye chaneli nyingi (kila chaneli hubeba amri ya kazi moja, kama usukani au mota) kwa bei nafuu, nami huwaomba waniambie kwanza wana rimoti gani. Zamani, Wamarekani waliporusha kwa megahezi 72 na Waingereza kwa megahezi 35, kipokezi cha kampuni moja mara nyingi kiliweza kufanya kazi na rimoti ya kampuni nyingine, mradi kristali zao, yaani vipande vidogo vinavyopanga masafa ya mawimbi, zililingana. Leo karibu kila mtu yuko kwenye gigahezi 2.4, lakini kila kampuni ina itifaki yake, yaani lugha ambayo rimoti na kipokezi huzungumza: Spektrum ina DSMX, Futaba ina FASST na nyinginezo, FlySky ina AFHDS 2A, na hazisikilizani. Kwa wanaonunua mtandaoni naongeza kwamba hata ndani ya kampuni moja kama FrSky, kipokezi chenye programu ya soko la Ulaya kinaweza kukataa kuungana na rimoti yenye programu ya soko lingine. Anayenunua rimoti leo namshauri aitazame ExpressLRS, ambayo ni mfumo huria: vifaa vya watengenezaji mbalimbali huelewana vikiwa katika masafa yaleyale ya mawimbi na toleo kuu lilelile la programu.

Chaneli hazinisumbui sana. Ndege ya mafunzo inatosheka na 4, na ya magurudumu yanayokunjwa huhitaji 5 au zaidi.

Jambo ninaloliona kuwa kubwa zaidi, na ambalo wanunuzi wengi hulipita, ni antena. Kwenye gigahezi 2.4 urefu wa wimbi ni takriban sentimita 12.5, na sehemu ya waya inayopokea ni ile ncha isiyofunikwa, yenye urefu wa milimita 31 hivi, ambayo haipaswi kukatwa wala kukunjwa. Ncha hiyo hupokea vibaya ikiwa imeelekea moja kwa moja kwenye rimoti, na ndege inapogeuka angani lazima kuna wakati itaelekea hivyo. Ndiyo maana nasisitiza kipokezi chenye antena mbili, zikae kwa pembe ya nyuzi 90, mbali na betri na nyaya za mota. Kama kiwiliwili cha ndege ni cha nyuzi za kaboni, ncha zote mbili zitokeze nje, kwa kuwa kaboni huzuia mawimbi.

Umeme nao usidharauliwe. Kipokezi cha sasa ni kompyuta ndogo, na volti zikishuka ghafla huzima na kuwaka upya wakati ndege iko hewani bila mwongozo. Sevo (mota ndogo inayosogeza usukani na mabawa madogo) moja kubwa ya kidijitali ikikwama huweza kuvuta ampea 2 au zaidi. Hivyo chanzo cha umeme kikadiriwe kwa sevo zote zikifanya kazi pamoja, na kipokezi kinachorudisha taarifa za volti kwenye rimoti kinastahili bei ya ziada.

Mwisho, chunguza kipokezi hufanya nini mawimbi yanapokatika. Vingine hushikilia amri ya mwisho, mota ikiwemo, jambo ambalo ni hatari kwa watu walio chini. Chagua kinachokuruhusu kupanga mota izime, kisha ondoa pangaboi, zima rimoti ndege ikiwa imeshikwa imara chini, na utazame kama mota inasimama kweli.