Noti ya Mia Tano Chini ya Mtutu

Jina la kiwanda kilichotengeneza bunduki yangu nitaliacha. Kwa miezi minne nililitukana stafurumu, mgahawani, hata kwenye basi la Singida mbele ya watu nisiowajua, na baadaye ikaja kuonekana kosa halikuwa lake. Basi lipumzike.

Ilikuwa 2003, nikifundisha sekondari Manyoni. Bunduki yenyewe niliinunua mpya Dar es Salaam, Machi, kwa muuzaji mwenye leseni, baada ya karibu mwaka mzima wa kuhangaikia kibali: barua ya mtendaji, vikao vya usalama, alama za vidole, njoo kesho, njoo Jumatatu. Raifo ya .30-06, mbao yake ya walnuti, rangi ya asali ya nyuki wadogo. Namba hiyo watu huidhani ni siri ya kiwanda. 30 ni kipenyo cha mtutu kwa sehemu za mia za inchi, na 06 ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea risasi hiyo. Ndani ya boksi kulikuwa na kijitabu. Kiliahidi kwamba yadi mia, risasi tatu zitaangukia ndani ya inchi moja. Yaani sentimita mbili na nusu! Nilikikariri kama shairi la mtihani.

Siku ya kwanza kuipima nilikwenda kwenye korongo kavu nje ya mji, nikasimamisha boksi la sabuni kwenye kichuguu, nikahesabu hatua mia. Ya kwanza ikapiga juu kushoto. Ya pili chini. Ya tatu haikugusa boksi kabisa. Nikavizungusha vifundo vya darubini, klik, klik, kama mtu anayetafuta idhaa ya redio usiku, nikapiga tena, mambo yakazidi kuharibika. Risasi zilikuwa ghali, mshahara wa mwalimu mnaujua. Nilirudi nyumbani nimeshaamua kwamba nimeuziwa bomba la maji.

Hata hivyo Agosti nikakata leseni ya kongoni mmoja. Bahili haachi. Tulikuwa watatu: mimi, askari wa wanyamapori, na kijana wa Kigogo wa kufuata nyayo. Kongoni alisimama ubavu, hatua kama mia na ishirini, kichwa kirefu kile cha huzuni kimeelekezwa kwetu. Nilipiga. Akaruka, akaondoka na miguu mitatu.

Tulimfuata mpaka jua likazama. Damu ilikuwa tone moja hapa, tone lingine mwendo wa dakika kumi mbele, baadaye hakuna. Kijana alikuwa akiinama, anagusa jani, ananyamaza. Asubuhi tuliwakuta fisi wamemaliza kazi. Askari akaandika kwenye leseni yangu kama kawaida, maana mnyama uliyemjeruhi ni wako, umpate usimpate. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naeleza ubovu wa kiwanda. Hakuna aliyenijibu.

Wiki hiyohiyo nikakubaliana na afisa kilimo mmoja, rafiki yangu, kwamba nitamuuzia. Vibali vya kuhamisha umiliki tungevishughulikia polisi. Yeye akatanguliza arbuni ya laki moja, bunda la noti za mia tano mia tano zilizofungwa kwa mpira. Nilimweleza wazi kwamba haina shabaha. Akasema shabaha ni mtu. Nikaona hajui anachosema.

Kabla ya kumkabidhi nikaona niipeleke kwanza kwa mzee mmoja, askari wa wanyamapori mstaafu, aliyekuwa mtunza silaha wa idara kwa miaka mingi. Nilitaka anithibitishie tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Ndiyo hiyo mbaya?"

Habari ilikuwa imenitangulia. Aliipokea, akafungua bolti, kile chuma cha kusukumia risasi mtutuni, akachungulia mtutu dhidi ya mbingu, akaguna. Kisha akaanza kunisimulia bunduki ya .375 aliyotembea nayo kazini, Brno ya Chekoslovakia, ya nyati na tembo. Hakuwahi kuipimia inchi. Alichokipenda ni ile kucha kubwa ya bolti inayoikamata risasi tangu inapotoka magazini, kile kisanduku cha risasi, kiasi kwamba hata ukiigeuza bunduki juu chini haiiachi. Kizuizi chake cha usalama kilikuwa kinyume na bunduki nyingine: kusukuma mbele ni kufunga, kuvuta nyuma ndiyo tayari kupiga. Mzee alilisimulia hilo kwa fahari, kama mtu anayesema mbwa wake hamjui mwingine. Ameridhika nayo hata leo, na wala haikuwa mali yake.

Tulikwenda korongoni. Akaniambia nilale, niegemeze ubao wa mbele kwenye gunia la mchanga, na kwamba risasi atanitilia yeye mwenyewe, mojamoja. Nikapiga ya kwanza. Akatia ya pili, nikapiga. Akatia nyingine, akafunga bolti, akanigusa bega. Nikavuta triga.

Ta.

Hakuna mlipuko. Alikuwa amenitilia ganda tupu. Lakini mtutu ulikuwa umechimba chini kwa nguvu, bega limesonga mbele, na macho yangu, aliniambia, yalikuwa yamefumba kabla ya kidole kumaliza kazi. Nilibaki nimelala pale, nyuma yangu mzee hacheki. Angecheka ingekuwa afadhali.

"Unaipokea teke kabla haijapiga," alisema. "Tena."

Tulikaa asubuhi nzima. Sikujua lini ni risasi na lini ni ganda, kwa hiyo baada ya muda mwili ukachoka kubahatisha ukatulia. Kila baada ya risasi tatu alinilazimisha tungoje mtutu upoe, yeye anavuta sigara, mimi nahesabu gharama. Mashimo yalianza kukaribiana, ila si vya kutosha: kila mtutu ulipopata moto yalihama kushoto, taratibu, kama yanasukumwa.

Hapo ndipo alipoomba noti.

Nilikuwa na ile arbuni tu mfukoni. Nikachomoa mia tano moja. Mzee akaikunja mara moja, akaipitisha kati ya mtutu na ubao wa mbele, akaanza kuivuta kurudi nyuma kama mtu anayepitisha uzi menoni. Ilikwenda vizuri, kisha nusu ya njia ikakwama. Akaigeuzia upande wa kushoto, ikapita. Kulia, ikakwama palepale.

"Mbao imepinda," akasema. "Uliinunulia wapi?"

Dar. Imekaa dukani kwenye unyevu wa bahari, mimi nikaileta huku ambako Agosti upepo unakausha hata mate. Mti hata ukichongwa na kupakwa rangi bado unakunywa na kutoa maji. Ubao ulikuwa umejikunja kidogo, unaubonyeza mtutu ubavuni, na mtutu ukipata moto unasukumwa upande mwingine. Chuma chenyewe hakikuwa na neno.

Tiba yake ilinitia aibu kwa urahisi wake. Alifungua skrubu mbili za chini, akazungushia msasa kwenye kipande cha mti wa ufagio, akasugua ndani ya ule mfereji kwa saa nzima, anapuliza vumbi, anajaribu noti, anasugua tena. Mahali pa mbichi akapaka mafuta ya kitani ili pasinywe maji. Alipoirudisha, aligundua na skrubu moja ya kushikilia darubini inazunguka kwa kucha. Hiyo niliilegeza mimi mwenyewe nilipokuwa natafuta idhaa.

Siku mbili baadaye tulirudi. Risasi tatu, kwa utulivu, mtutu ukipoa kila baada ya moja. Mzee akaenda kwenye boksi, akaokota kisoda cha bia chini, akakibandika juu ya mashimo. Kilifunika mawili. La tatu lilichungulia pembeni.

"Hilo ni lako," akasema, akakitupa kisoda.

Jioni nikaenda kwa afisa kilimo na laki yake. Nikamweleza siuzi tena, nikamweleza mbao, unyevu, msasa, skrubu. Alisikiliza huku anahesabu noti mojamoja, akafika kwenye moja akainusa.

"Hii ina mafuta."

Nikamwambia ndiyo iliyopima.

Akaiweka juu ya nyingine, akaendelea kuhesabu, kisha akasimama.

"Sasa yule kongoni, mwalimu, alikuwa wa mbao au wako?"

Nikamwambia ahesabu vizuri, jumla ni laki moja.