Jumamosi tuliyokwama kwenye neno Führer

Tulikuwa saba mezani, Unguja, na kazi ilikuwa ndogo tu: kuona kama kurasa chache za The Boy in the Striped Pyjamas, riwaya ya John Boyne ya 2006, zinakubali kuingia katika Kiswahili. Bruno ana miaka 9, baba yake ni kamanda wa kambi ya mauaji ya Wanazi. Akisikia "Führer", yaani kiongozi, cheo cha Hitler, yeye anatamka "Fury", yaani ghadhabu kwa Kiingereza. Auschwitz, jina la kambi hiyo, anaiita "Out-With". Kinaya cha kitabu kimetundikwa hapo: msomaji anajua, mtoto hajui.

Saa nzima ilipita tukitafuta tamko la Kiswahili litakaloteleza vilevile. Ndipo mwenzetu anayejua Kijerumani akauliza, "Jamani, huyu mtoto si wa Berlin? Anakoseaje neno la lugha yake mwenyewe?" Akaandika pembeni mwa karatasi: Lokführer, dereva wa treni, Führerschein, leseni ya udereva. Neno hilo mtoto wa Berlin amelisikia kabla hajaanza shule. Kosa la Bruno ni la mtoto wa Kiingereza.

Uzi huo ulipovutwa, nguo nzima ikaanza kufumuka. Bruno anadhani "Heil Hitler" ni namna ya kuagana, ilhali shuleni kwao walisalimiwa hivyo kila siku. Tangu Septemba 1941 Wayahudi wa Ujerumani, kuanzia watoto wa miaka 6, walilazimishwa kushona nyota ya njano kwenye nguo zao. Bruno angepishana nao njiani. Tangu 1939 mvulana wa Kijerumani akifika miaka 10 alilazimika kuingia katika jumuiya ya vijana wa Hitler, kwa hiyo wa miaka 9 huwa anahesabu miezi. Uzio wa Auschwitz ulikuwa wa umeme na wenye walinzi, si mahali pa Bruno na Shmuel, mtoto Myahudi aliye ndani ya kambi, kukaa wakiongea. Na watoto wa umri wa Shmuel, wengi wao walipelekwa vyumba vya gesi siku ileile waliyoshuka kwenye treni. Mwaka 2020 Jumba la Kumbukumbu la Auschwitz lilishauri kitabu hiki kiepukwe na yeyote anayesoma au kufundisha historia ya Holokosti, mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi. Naliunga mkono shauri hilo. Mwandishi akimfumba mtoto macho kwa makusudi, kinaya kinakosa pa kusimama.

Baada ya chakula tukafungua Sorstalanság, riwaya ya Mhungaria Imre Kertész, ya 1975. Yeye mwenyewe alipelekwa Auschwitz kutoka Hungaria mwaka 1944, akiwa na miaka 14. Mvulana anayesimulia riwaya yake haoni pungufu ya kilichopo. Anawaona wafungwa walionyolewa, wamevaa mistari, anajiuliza wamefanya uhalifu gani. Wao ndio wanaomnong'oneza aseme ana miaka 16, lakini mvulana anamwamini daktari, kwa kuwa daktari huyo ana sura nzuri na ametulia. Kisha anasimama akitazama watu wakichambuliwa, huyu anafaa kazi, huyu mzee mno, na anaona daktari anapatia. Macho yanaona sawasawa. Hukumu ndiyo inayopotoka, na inapotoka kwa sababu mtoto amefundishwa utii na adabu. Hapo nilisikia baridi mgongoni.

Kilichotutoa jasho ni neno moja ambalo mvulana hulirudia kila mara, kwa Kihungaria természetesen, neno la kusema kwamba jambo ni la kutarajiwa tu. "Bila shaka" lilikuwa la mtu anayesisitiza. "Kama kawaida" linadai awe amewahi kuyaona hayo, naye ndiyo kwanza ameshuka. "Kiasili" likatufanya sote tutikise kichwa. Mwalimu wa darasa la tano aliyekuwa kimya tangu asubuhi akasema, "Mwanafunzi wangu mtiifu angesema 'ndivyo inavyotakiwa'."

Tukaliandika kwa penseli kila lilipotokea: wananyolewa, ndivyo inavyotakiwa, wanavuliwa nguo, ndivyo inavyotakiwa. Tulikuwa ukurasa wa tatu adhana ya magharibi ilipoanza.