Kanisa dogo la kijiji tulivyoligeuza mahali pa watu wote, na ule ukuta uliogoma kukauka

Naandika hii kwa yeyote anayefikiria kufanya kama sisi, manake mimi nilipokuwa nahangaika nilitafuta sana mtu aliyepitia anielekeze. Kanisa letu lilikuwa dogo, la mawe, la zamani, waumini walishahamia kwenye jengo jipya na hili likabaki na kufuli tu, paa linavuja, majani yameota mpaka dirishani. Tukajikusanya watu kumi na kitu wa kujitolea tukasema hapa panaweza kuwa pa kijiji kizima, watoto wapate pa kusomea jioni, vikundi vipate pa kukutania, na wazee wawe na pa kukaa wakaongea.

Karatasi kwanza. Usiguse hata msumari kabla ya makubaliano ya maandishi na wenye jengo: mnalitumia kwa miaka mingapi, nani anatengeneza paa likiharibika, nani anashika ufunguo. Sisi ilituchukua miezi na kuna wenzetu walichoka wakaondoka, niliumia ila siwalaumu.

Sasa kosa letu kubwa, tulianza na rangi. Tulitaka watu waone kitu kimebadilika, basi ule ukuta wenye madoa tukaukwangua tukapiga rangi ya plastiki, ukapendeza kweli, wiki chache mbele rangi imevimba malengelenge, ukibonyeza inatoka majimaji na chini yake kuna unga mweupe wa chumvi. Tukarudia. Ikatoka tena, safari hii na kipande cha lipu.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mwashi. Hakuongea sana, alipita anagonga ukuta kwa kishikio cha mwiko huku ameinamisha sikio, akafika mahali panalia kama mtungi mtupu akasimama, akasema "wanangu, huu ukuta mmeuziba pumzi." Akatueleza kwamba nyumba za mawe za zamani zilijengwa kwa chokaa na chini hazina kizuizi cha maji, kwa hiyo unyevu unapanda toka ardhini na unatokea kwenye chokaa taratibu, ndo mwendo wake. Halafu miaka ya baadaye mtu akaja akapiga lipu ya simenti juu, sisi tukaongeza rangi ya plastiki, maji yakakosa pa kutokea yakabaki ndani yanakula mawe. Na nje mambo yalikuwa mabaya zaidi, mfereji wa paa umekatika unamwaga palepale ukutani, na udongo umerundikana hadi umepita usawa wa sakafu ya ndani!

Tukaanza upya. Mfereji kwanza, kisha tukachimba ule udongo wa nje mpaka ukashuka chini ya sakafu, ndo tukabandua simenti kwa tindo na nyundo za mkono, polepole, manake mashine ingeng'oa na uso wa mawe. Halafu tukasubiri. Ukuta mnene haukauki kwa wiki mbili, wa kwetu ulikula miezi, na hapo ndipo uvumilivu wa watu unapimwa.

Wakati tunasubiri likaja suala la mabenchi. Sisi tulipanga kuyatoa yote tupate nafasi, wazee wakanuna, na walikuwa na haki kwa sababu hatukuwauliza. Kuna bibi mmoja alikuja akakaa benchi la tatu, akawa anapapasa sehemu iliyolika ya ule ubao, akasema "hapa ndipo nilipokaa siku ya kumzika mume wangu, mjukuu wangu, mnalipeleka wapi?" Nilikosa jibu kabisa. Tukaitisha kikao kingine, mabenchi mengine yakasogezwa kando ya kuta, yaliyooza tukachukua mbao zake ambazo bado ni nzima zikawa rafu za vitabu, na upande wa madhabahu tukauacha kama ulivyo. La tatu liko palepale. Kama ningeanza tena ningewaita wazee kabla sijamwita fundi.

Lipu mpya ilikuwa chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga uliooshwa, tabaka jembamba la kama sentimita 1, unasubiri likaze ndo unaweka lingine. Chokaa haikazwi na jua, inakaza kwa kuvuta hewa ya kaboni dioksaidi, ikikauka haraka inamomonyoka, kwa hiyo tulining'iniza magunia mabichi na kunyunyizia maji kila siku. Na vaeni miwani jamani, mwenzetu mmoja alirukiwa na chokaa jichoni, tukamwosha kwa maji safi muda mrefu na kumkimbiza hospitali, amepona lakini ile siku sitaisahau.

Mwisho tukapaka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono 5, yaani tabaka tano. Ukiipaka haionekani, unadhani umepaka maji, ila ukirudi kesho yake ukuta umekuwa mweupe.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku, asubuhi nikawahi kufungua nikaenda moja kwa moja pale pabovu nikaweka kiganja. Pakavu. Nikampigia mzee simu, akauliza tu kama mfereji umezibwa na majani, nikachukua ngazi nikaenda kuangalia.