Duka la Anti lilivyoingia online

Kitu cha kwanza Anti alicheka ni cheki. Hiyo ilikua 2020, corona imeshaingia, kafyu inaanza saa moja jioni, na duka lake la nguo hapa Kondele, Kisumu, ilibidi afunge mapema ndio awahi matatu, yaani ile saa watu wanatoka job na ndio hununua, yeye ashateremsha mlango. Campus ilikua imefungwa, nilikua na laptop na sina shughuli, nikamwambia anti tufungue duka la online. Nikaweka WordPress, programu ya kutengeneza tovuti, na juu yake WooCommerce, ile ya kuigeuza iwe duka, sababu ni ya bure, tukalipia tu hostingi, yaani mahali tovuti inakaa, na domeini, yaani jina lake, la .co.ke. Sasa kumwonyesha pale pa kulipa, njia zilizokuja nayo ni benki, cheki, na kulipa ukishaletewa mzigo. "Cheki? Mtu ananunua blauzi ya mia tatu anaandika cheki?" Alicheka mpaka fundi wa cherehani hapo next akatoka kuangalia kuna nini.

M-Pesa haikuwepo. Safaricom wako na mfumo unaitwa Daraja, ile ya kufanya simu ya mteja iulize PIN yenyewe, lakini hiyo ina kazi yake na sisi tulitaka kuuza wikendi hiyo hiyo. Nikachukua ile njia ya benki nikabadilisha jina, nikaandika "Lipa kwa till", yaani ile namba ya M-Pesa ya duka, mteja analipa halafu anaandika ile code ya meseji ya M-Pesa, herufi na namba jumla 10, oda inangoja mpaka Anti aone meseji. Ilikua njia ya kizamani kidogo lakini yeye aliipenda zaidi, anasema pesa ameiona na macho yake.

Shida yenyewe ilikua mtumba. Hizi programu zimetengenezewa mtu ako na tisheti mia za aina moja, saizi S mpaka XL. Anti akifungua bale, kila kitu ni kimoja, ukikiuza kimeenda. Na hiyo time bale zilikua dhahabu, serikali ilisimamisha kuingiza mitumba mwezi wa tatu mpaka wa nane, kwa hivyo tulikua tunauza stoki ya zamani, kamera tupu, yaani zile nguo safi kabisa za bale. Kwa hivyo kila gauni picha yake, stoki moja. Saizi nazo usiseme, lebo ya Uingereza inasema 12, ya Marekani inasema 8, na ukizilinganisha ni mwili ule ule. Tukaacha lebo, tukaomba tepu ya fundi, tukapima kifua, kiuno na urefu, inchi, basi.

Halafu mtu wa Kakamega akalipia gauni la 700 wakati huo huo Anti anamfungia mteja aliyesimama dukani gauni hilo hilo. Bahati hizo siku kutumiana M-Pesa elfu moja kushuka chini kulikua bure, kumrudishia hakukula kitu. Mimi nikaanza kutafuta plagini, yaani kaprogramu ka kuongezea, ya kuunganisha stoki ya dukani na ya online, naeleza mambo mengi, Anti ananiangalia tu, akachukua hanga zote zilizopigwa picha akazipeleka nyuma ya pazia. "Za simu zikae huku. Mtu wa dukani asizione." Hiyo plagini sikuitafuta tena.

Pale pa adresi pia nilipapasua. Fomu inadai jina la barabara na code ya posta, sasa mtu wa mtaa kama Nyalenda hapa Kisumu ataandika nini? Nikatoa zote nikaweka swali moja, uko karibu na nini, na watu wakaandika vizuri sana, geti ya bluu nyuma ya kanisa, ulizia mama wa omena. Mtu wa boda alikua anafika bila kupiga simu.

Kitu kimoja tu hatukuelewana, bei. Nimeandika 850 kubwa kabisa, bado watu wanabonyeza WhatsApp, "sista, bei ya mwisho?" Mimi nikataka tuandike hakuna kupunguza. Anti akakataa kabisa, akasema ongeza mia kwa kila kitu halafu uache waombe. Nilibishana naye kidogo, nikaongeza. Kesho yake kuna mama wa Siaya aliomba, akapunguziwa hiyo mia, akafurahi akaagiza na sketi juu, na ya sketi pia akaomba.