Saratani ya mama ilikuwa na lafudhi

Mama alianza kuumwa mgongo. Kule Tanga akadhani ni jembe, akajichua na dawa za sokoni miezi mitatu. Tulipomleta Dar akapigwa CT skani, pingili mbili za uti wa mgongo zikaonekana zimeliwa, na juu ya mtulinga wa kushoto kuna tezi kubwa kama punje ya kunde. Mapafu safi, ini safi. Matiti yakapigwa picha, hamna kitu. Wakapitisha kamera tumboni juu na chini, hamna kitu. Wakatoboa pingili, wakachukua kinyama, majibu yakaja: adenokasinoma, yaani aina ya saratani, iliyosambaa, chanzo hakijulikani.

Nilidhani wameshindwa kazi. Kumbe hali hiyo inajulikana kabisa. Huwapata kama wagonjwa 2 hadi 5 katika kila 100 wenye saratani. Tatizo ni kwamba dawa huchaguliwa kwa kufuata saratani ilikozaliwa, siyo ilikohamia. Ya titi ikikaa kwenye mfupa bado ni ya titi. Usipojua, unatundikiwa dripu za kubahatisha, kwetu zingekuwa dawa za kemo, kaboplatini na paklitakseli.

Daktari wa saratani, kijana asiyeanza kuongea kabla ya kumwamkia mama, akamweleza hivi: "Mama, mtu wa Pemba hata akikaa Kariakoo miaka thelathini, akifungua mdomo tu utamjua. Seli nazo zina lafudhi." Kuna kipimo kinachosikiliza jeni 90 na kitu kwenye kile kinyama, kuona zipi zinaongea kwa sauti na zipi zimenyamaza, kisha kinalinganisha na uvimbe wa aina zinazojulikana. Jibu linakuja kwa asilimia.

Hakutuuzia ndoto. Alisema utafiti wa Japani wa 2019 haukuona tofauti ya maana kati ya waliotibiwa kwa kufuata kipimo cha aina hiyo na waliopewa dawa za jumla. Wa Shanghai wa 2024, wenye wagonjwa 182, uliona: ugonjwa ulitulia miezi 9.6 kwa waliofuata kipimo, dhidi ya 6.6 kwa wa dawa za jumla. Yaani inategemea kipimo kitataja nini. Kikitaja saratani isiyo na dawa nzuri, umenunua jina tu.

Tukachanga. Mjomba alitoa nusu, habari za fedha niishie hapo.

Kinachopimwa ni bloki: kinyama kilichogandishwa ndani ya nta, juu ya kikasha cha plastiki kisichozidi kiberiti. Niliifuata mwenyewe hospitali ilikokatwa, nikasaini daftari, nikaiweka kwenye mfuko wa chakula nisije nikaiacha kwenye gari juani. Nikiangalia kwa karibu niliona kidoa cha kijivu chenye ukubwa wa punje ya mchele. Maisha ya mama yote pale. Ikapakiwa pamoja na nakala ya majibu, ikasafiri.

Baada ya wiki mbili maabara ya nje ikaandika: sampuli haifai.

Nilikwenda kuuliza kwa hasira. Fundi wa maabara akanielewesha taratibu. Mfupa haukatiki kwa wembe wa mashine, kwa hiyo kwanza hulowekwa kwenye asidi ulainike. Asidi ile ile inasambaratisha vinasaba. Zipo njia za upole zaidi za kulainisha mfupa, lakini aliyepokea kinyama chetu hakuambiwa kwamba kitakwenda kupimwa jeni. Na sisi hatukujua kwamba ni jambo la kusema.

Basi ikarudiwa, safari hii kwenye ile tezi ya shingoni. Kazi ya nusu saa, ganzi kidogo, mama akarudi nyumbani akala wali. Tezi ni laini, haihitaji asidi. Tezi hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na hilo bado linanikera.

Jibu la pili: titi, zaidi ya asilimia 90.

Sasa ndipo jambo lililonitoa jasho. Daktari akaomba bloki ya tezi ipakwe rangi ya kutafuta vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike; saratani nyingi za titi huwa navyo. Kipimo hicho kilishafanywa kwenye mfupa, kikasema hakuna. Kwenye tezi vikawaka kahawia karibu kila seli. Aliniita kwenye darubini nione. Asidi ilikuwa imevizima vile vya kwanza. Maana yake, kama wangeanza na tezi, huenda kipimo cha bei nafuu kingetufikisha pale pale bila kusafirisha chochote. Sijutii kipimo cha jeni, maana bila hicho hakuna ambaye angerudia ile rangi. Ila nikiulizwa na mtu mwenye mgonjwa wa namna hii, namwambia aulize mambo mawili kabla sindano haijaingia: mnatoboa wapi, na kuna asidi?

MRI ya matiti nayo haikuonyesha kitu. "Kabila tumelijua," daktari alisema, "nyumba hatujaiona."

Dripu hakutundikiwa. Alipigwa mionzi ya mgongo kutuliza maumivu, akaanzishiwa letrozoli, dawa ya kupunguza estrojeni mwilini, kidonge kimoja kwa siku. Huu mwezi wa kumi na nne. Anakinywa na chai ya asubuhi, analalamika viungo vinamuuma, kisha anaingia shambani ingawa amekatazwa kuinama.

Bloki ilirudi. Iko kwangu, kwenye kopo la biskuti lenye vyeti vya kuzaliwa. Mama hataki kuiona.