Pigo la Tatu

Matanzas, Kuba, Jumapili usiku

Umeme umekatika tangu saa kumi na moja jioni. Naandika kwa simu iliyobaki asilimia kumi na tisa, kwa hiyo mkiona nimeishia njiani mjue sababu. Mtaa mzima umetoka nje kutafuta upepo. Mama mwenye nyumba amenitolea kiti cha bembea barazani, akaviangalia viganja vyangu, akaingia ndani bila kusema neno, akarudi na jani la shubiri. Napaka huku naandika.

Wiki ya kwanza ya warsha ya ngoma na dansi za Kikuba imeisha. Asubuhi saa tatu za kupiga, mchana saa mbili za kucheza, katikati wali na maharage meusi. Tuko kumi na mmoja: Wajapani, Wafaransa, Wakanada, na mimi muuguzi wa Hamburg niliyekusanya likizo ya mwaka mzima nikaja kuimalizia kwenye joto la Julai la Kuba. Siku ya kwanza Mfaransa mmoja aliniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba kwangu mambo haya yatakuwa mepesi kwa sababu yako damuni. Nilitabasamu. Tatizo ni kwamba na mimi nilikuwa naamini hivyohivyo. Mtu nimezaliwa Morogoro, nimekulia kwenye ngoma za harusi na za jando, nitashindwaje na vijiti viwili?

Vijiti viwili vilinishinda siku tatu.

Klave ni vipande viwili vya mti mgumu, na mzunguko wake una mapigo matano tu: matatu, kisha mawili. Mtoto wa hapa anaipiga mezani kwa kijiko huku anasubiri chakula. Mimi kila nikianza, mwalimu ananyoosha kidole: la tatu. Pigo langu la tatu lilikuwa linawahi. Nikilivuta linachelewa mno, nikiliacha linawahi tena. Mjapani aliyekaa kando yangu, fundi wa kompyuta ambaye hajawahi kukanyaga Afrika, alikuwa anapiga kama saa ya ukutani. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema, ila ni mimi peke yangu niliyedhani hapa ni kwetu.

Jumatano usiku, nimelala chali nagonga godoro, ndipo nikaelewa. Babu yangu alikuwa na santuri za Kikuba, zile zenye alama ya GV zilizoenea Kongo na Afrika Mashariki, na mji wetu ndio mji wa Salum Abdallah, aliyeiita bendi yake Cuban Marimba na watu wakaona sawa tu. Vijiti hivyo nimevisikia tangu sijajua kusema. Lakini nyingi za santuri zile zilikuwa za son, mtindo mmoja wa muziki wa Kuba, na katika klave ya son pigo la tatu huanguka mapema. Kwenye rumba ya Kikuba, tunayojifunza hapa, hucheleweshwa kidogo, chembe tu, kama mtu anayesita mguu wake ukiwa juu ya kizingiti. Yaani nilikuwa napiga sawasawa kabisa, ila muziki mwingine. Kujua kwangu ndiko kulikoniponza. Mjapani hakuwa na babu wa kumsahihisha.

Mjomba wa mama mwenye nyumba huja kila jioni kucheza domino. Ni mzee mkavu, kofia haivui. Ni mtu wa Palo, dini ya wazee waliotoka Kongo, na ndani ya nyumba yake kuna chungu ambacho sikuonyeshwa na sikuomba kuonyeshwa. Jioni ya pili aliniuliza kwa lugha yangu ngoma inaitwaje. Nikamwambia: ngoma. Akaweka domino chini. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akacheka mpaka akakohoa, akamgeukia mwenzake akamwambia nina uongo au nimefundishwa, maana katika nyimbo zao za Palo ngoma ni ngoma. Tukaanza kutafuta. Mimi mganga, yeye nganga, ila kwao nganga ni hicho chungu chenyewe pia. Tukachoka haraka, maana maneno mengi hayakukutana, Kikongo na Kiswahili ni ndugu wa mbali. Alipoondoka akaniaga, "Nsala malekun." Mdomo wangu ukajibu kabla sijafikiri: "Waaleikum salaam." Akasimama getini. Wao hujibu "malekun nsala." Alinitazama kama mtu aliyeona shati lake limevaliwa na mgeni.

Mama wa bibi yake alizaliwa utumwani, kwenye shamba la miwa nje ya mji huu. Utumwa hapa ulikomeshwa mwaka 1886. Aliniambia hilo huku anachanganya domino, wala hakuinua kichwa.

Sasa habari ya batá. Mkazo uko mwishoni, msije mkadhani nimekuja hadi Karibi kufuga bata. Ni ngoma tatu zenye umbo la kinu kilichobanwa kiuno, zimewambwa ngozi pande zote mbili, unazilaza mapajani na kupiga kulia na kushoto. Chapuo yetu ya pwani nayo ina nyuso mbili, ila chapuo haizungumzi na miungu ya Kiyoruba kama hizi. Kubwa inaitwa iya, yaani mama kwa Kiyoruba, na imevalishwa njuga. Ya kati ni itotele. Ndogo ni okonkolo, na hiyo ndiyo waliyonipa.

Tunazojifunzia ni za kawaida. Zile zilizowekwa wakfu zina roho ndani yake, Añá, haziguswi na asiyeapishwa, haziwekwi chini, na mwanamke hazipigi. Seti moja imetundikwa kwenye chumba cha ndani cha mwalimu, imefunikwa kitambaa. Dada mmoja wa Kanada alikasirika sana, tukabishana chakula cha mchana chote. Mimi sikukasirika kiasi kile. Kwetu unyagoni mwanamume hasogei, na sijawahi kumwona mtu akimwandikia mwalimu barua kulalamika. Lakini nitasema kweli: nilipopita pale mlangoni nilivuta hatua, nikatamani. Wanawake wa Kuba wenyewe wamekwisha kuzichukua hizi za kawaida, Havana kuna kundi zima la wanawake, Obini Batá, na hakuna radi iliyopiga.

Mchana tunacheza. Uchezaji wa Yemayá, mungu wa kike mwenye bahari, niliupenda mara moja: sketi ya buluu unaishika pande mbili, unaanza kwa kuyumba kama maji ya Ghuba ya Matanzas asubuhi, kisha yanachafuka na wewe unazunguka mpaka hujui mlango uko wapi. Guaguanko, aina ya rumba, ni kesi nyingine. Mwanamume anamzunguka mwanamke na kumvizia, halafu ghafla anatupa kiuno, au mkono, au hata leso, na mwanamke anatakiwa awahi kujifunika. Pigo hilo wanaliita vacunao, na neno limetokana na kuchanja. Mimi ni muuguzi, nimechanja watoto wasio na idadi, lakini sijawahi kuchanjwa mara nne ndani ya wimbo mmoja na mzee wa miaka sabini. Nilikuwa nacheka badala ya kujikinga. Mwalimu wa dansi akanihamishia kwenye yambu, rumba ya polepole, ya kizee, ambayo kwa desturi haina kuchanjana. Naikubali adhabu yangu. Chakacha ilinifundisha kuzungusha nyonga, haikunifundisha kulinda goli.

Turudi kwenye okonkolo. Kazi yake ni kurudia. Iya inauliza, itotele inajibu, zinagombana, zinapatana, na wewe huko pembeni unasema neno lilelile, lilelile, wala usithubutu kupendezwa na mazungumzo yao. Mimi nilikuwa nasikiliza. Iya ikisema kitu kizuri mikono yangu inataka kujibu, na hapo naanguka. Kila nikianguka mwalimu hanigombezi. Ananitazama tu huku anaendelea kupiga. Jicho moja, tulivu. Ningependa zaidi anitukane.

Jana, Jumamosi, alichukua iya mwenyewe, mwanawe akachukua itotele, mimi okonkolo, ili wachezaji wajaribu Yemayá kwa ngoma tatu kamili. Nikaamua nisisikilize. Nikaangalia ufa sakafuni. Mwimbaji akaingia, sketi zikaingia, ufa ulikuwa palepale. Jasho lilinishuka machoni nikaliacha. Ikafika mahali iya inapobadilika, pale ninapoanguka siku zote, na nikaisikia kwa mbali kama redio ya nyumba ya jirani. Mwalimu alikuwa amemgeukia mwanawe, wanatupiana maneno kwa ngozi, wote wawili wanacheka. Bega langu la kushoto lilikuwa linawaka moto. Hakunitazama hata mara moja.